Injini ya pikipiki inagonga ninapopanda mlima kwa gia kubwa: nianze kutafuta wapi?

Mpanda Milima:

Habari za wakati huu, mafundi na waendeshaji wenzangu. Pikipiki yangu ina injini ya mipigo minne yenye silinda moja na ujazo wa sentimita za ujazo 150, inayopozwa kwa hewa na kulishwa petroli kwa kabureta. Kwa muda sasa imekuwa ikitoa mlio mkali, mithili ya kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya mkebe wa bati, kila ninapopanda mlima kwa gia ya nne nikiwa nimevuta mafuta karibu yote. Injini ikiwa baridi mlio huo hausikiki. Huanza baada ya injini kupata moto sawasawa, na huzidi ninapokuwa nimebeba abiria. Nikiachia mafuta unakatika papo hapo, na nikisimama nikapiga resi bila kuingiza gia sisikii chochote.

Fundi wa kwanza alisema ni tapeti (sehemu zinazosukuma valvu), akaziseti upya, lakini hali ilibaki vilevile. Wa pili anashauri injini ifunguliwe yote kwa sababu anahisi beringi ya mkono wa pistoni imeanza kulegea. Nasita kukubali, kwa kuwa pikipiki haitoi moshi wa bluu, oili haipungui, na nguvu zake kwenye barabara tambarare ni zilezile. Jambo pekee ninaloweza kuliongeza ni kwamba muda mfupi kabla ya mlio kuanza, kabureta ilisafishwa na plagi ikabadilishwa.

Naomba mnieleze kama dalili hizi kweli ni za beringi, kama ni hatari kuendelea kuitumia katika hali hii, na ni vipimo gani ninavyoweza kuvifanya mwenyewe kwa spana za kawaida kabla ya kuikabidhi injini kwa mtu wa kuifungua.

Fundi Mkongwe:

Ndugu Mpanda Milima, umeeleza vizuri, na sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Mlio unaotokea wakati injini ina moto, ina mzigo, inazunguka polepole na imefunguliwa mafuta mengi, kisha ukakatika mara unapoachia mafuta, hauelekei kuwa wa chuma kilicholegea. Huo ni mlio wa petroli inayolipuka vibaya ndani ya silinda.

Katika mwako wa kawaida, plagi hutoa cheche kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kingo za chumba cha mwako kwa mwendo wa makumi ya mita kwa sekunde. Kadiri moto unavyosambaa, ile hewa na petroli ambayo bado haijafikiwa huzidi kubanwa na kupashwa joto. Ikiwa joto na mgandamizo vitapita kiwango ambacho petroli hiyo inaweza kustahimili, mabaki hayo hujiwasha yenyewe kwa mkupuo mmoja, na wimbi la mgandamizo hugongagonga kuta za silinda mara maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana sauti yake ni kali na nyembamba, tena kwenye silinda ndogo kama yako huwa nyembamba zaidi kuliko kwenye injini ya gari.

Sasa linganisha na milio mingine. Tapeti zenye nafasi kubwa hulia hata injini ikiwa imetulia, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, kwa mpangilio usiobadilika, kwa kuwa kila valvu hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hulia zaidi wakati wa baridi na hupungua injini inapopata moto, yaani kinyume kabisa na yako. Beringi ya mkono wa pistoni hutoa mlio mzito wa chini unaoweza kuuhisi hata kwenye nyayo, na mara nyingi husikika unapoachia mafuta au unapopiga resi bila mzigo. Cheni ya taimingi hukwaruza ubavuni mwa silinda. Usisahau pia bati la kukinga joto kwenye bomba la moshi, ambalo nati yake ikilegea limewahi kuwafanya watu wafungue injini nzima bure. Lakini bati hilo hutikisika kwenye kasi fulani ya injini hata ukiwa umesimama, na wewe ukiwa umesimama husikii kitu.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Chukua mlima uleule, injini ikiwa na moto uleule, na kabla ya kuanza kupanda shusha hadi gia ya tatu ili injini izunguke haraka zaidi huku ukivuta mafuta kidogo. Mlio ukipotea, basi ni kugonga kwa mwako, kwa sababu injini inayozunguka haraka haiyapi yale mabaki ya petroli muda wa kutosha kujiwasha kabla ya moto halisi kuyafikia. Beringi iliyolegea isingepona kwa kushusha gia.

Jaribio la pili linahusu uwiano wa hewa na petroli, nami ningelipa uzito kwa kuwa kabureta yako iliguswa hivi karibuni. Wakati mlio unasikika, vuta choki kidogo tu, mahali ambapo barabara ni tupu na salama. Choki huongeza petroli. Kama mlio utapungua au kukoma, kuna uwezekano mkubwa kwamba injini inapata hewa nyingi na petroli haba. Si ushahidi kamili, maana kabureta hazifanani, lakini ni dokezo zuri kwa kazi isiyohitaji hata kushuka kwenye pikipiki.

Kisha fungua plagi uitazame kwa kioo cha kukuzia. Rangi peke yake hudanganya, hasa kwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi, hivyo usikimbilie kusema kwamba weupe maana yake ni hivi na kahawia ni vile. Tafuta vitone vidogo vyeusi au vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha. Vile vyeusi ni masizi yaliyobanduliwa na mishtuko ya mlipuko. Vile vinavyong'aa ni alumini ya pistoni yako, na ukiviona usiendelee kuiendesha hadi chanzo kijulikane. Kwa hiyo swali lako la hatari nalijibu hivi: kugonga kidogo kwa nadra hakuui injini, lakini kugonga kila mlima huvunja kingo zinazoshika ringi za pistoni, huchoma gasketi ya silinda hedi, na hatimaye huweza kutoboa pistoni.

Kaka wa Lami:

Mimi ningekushauri usijisumbue na vipimo vyote hivyo. Weka petroli yenye oktani kubwa kuliko unayotumia sasa, kisha badilisha oili uweke nzito kidogo. Pikipiki yangu ilikuwa na mlio kama huo na ukaisha kwa njia hiyo.

Msoma Plagi:

Ndugu Kaka wa Lami, ushauri wako una nusu iliyo sahihi, ila nusu ya pili inaweza kumpoteza mwenzetu. Oili nzito haina namna ya kuzuia petroli isijiwashe, kwa sababu kazi yake iko chini ya pistoni na mwako uko juu yake. Mlio unaopungua kwa kuongeza uzito wa oili ulikuwa wa chuma, si wa mwako. Oili inahusika kwa njia nyingine mbili: ikipungua, injini inayopozwa kwa hewa hukosa msaada mkubwa wa kuondoa joto, na ikipenya hadi chumba cha mwako kupitia ringi au sili za valvu zilizochoka, hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo. Hakuna kati ya hayo linalotibiwa kwa oili nzito.

Kuhusu oktani, namba hiyo haipimi nguvu ya petroli wala usafi wake, bali ukinzani wake dhidi ya kujiwasha. Kipimo kilijengwa juu ya vimiminika viwili: isooktani iliyopewa 100 na heptani ya kawaida iliyopewa 0. Petroli ya RON 95 (RON ni oktani inayopimwa kwa masharti mepesi) hugonga kwenye injini ya majaribio sawa na mchanganyiko wenye isooktani asilimia 95. Tahadhari moja wanayoisahau wengi ni kwamba namba zilizoandikwa kwenye pampu hazipimwi kwa njia moja kila nchi. Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON (oktani inayopimwa kwa masharti magumu zaidi), hivyo 87 ya kwao inakaribia RON 91 au 92. Mtu akisoma kitabu cha pikipiki bila kutazama ni kipimo gani kinachotajwa, anaweza kununua petroli ya bei kubwa bila sababu, au kinyume chake akanunua ya chini huku akidhani anatii maagizo.

Petroli yenye oktani kubwa kuliko iliyotajwa kitabuni hufaa kama kipimo. Ikimaliza mlio, imethibitisha kwamba tatizo ni la mwako. Lakini injini iliyokuwa ikitumia petroli ileile kwa miaka bila kugonga, kisha ghafla ikaanza, kuna kitu kimebadilika ndani yake au kwenye petroli yenyewe, na oktani ya juu hukifunika tu. Ikiwa unashuku petroli imechanganywa na mafuta ya taa, jaza mahali pengine tangi likiwa karibu tupu, kwa sababu mafuta ya taa hushusha oktani vibaya hata yakiwa kiasi kidogo.

Neno langu la mwisho ni kuhusu plagi mpya. Ndugu Mpanda Milima, tazama namba yake ya joto na uilinganishe na ya kitabu, wala usiridhike kwa kuwa imeingia vizuri kwenye uzi. Kwenye plagi za NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi ya baridi, yaani inayoondoa joto haraka kwenye ncha. Kwenye Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya moto. Anayebadilisha kampuni huku akishikilia namba ileile anaweza kuwa ameweka plagi ya moto kupita kiasi bila kujua. Ncha ya plagi inahitaji joto la kama nyuzi 450 za Selsiasi ili ijisafishe masizi, lakini ikikaribia 800 na kuendelea inaweza kuwasha petroli kabla ya cheche. Kuwaka huko kabla ya wakati si kitu kilekile na kugonga anakokueleza Fundi Mkongwe, ingawa kimoja huzaa kingine, na madhara yake huja haraka zaidi kwa kuwa pistoni hulazimika kupanda ikipambana na moto uliokwisha kuwaka.

Mpanda Milima:

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwa gia ya tatu, mlima uleule, mlio haupo kabisa. Kwa gia ya nne unarudi, na nikivuta choki kidogo unapungua sana, ingawa hauishi. Plagi ni nyeupe kuliko nilivyotarajia na ina vitone vichache vyeusi kwenye kauri. Vya kung'aa sikuviona hata kimoja. Namba yake ya joto ni 6, ilhali kitabu kinataka 8 ya kampuni hiyohiyo ya NGK.

Nikiwa hapo nilikunja kwa vidole ule mpira unaounganisha kabureta na silinda hedi, nikaona upande wa chini una ufa mwembamba usioonekana mpira ukiwa umetulia. Mapezi ya silinda nayo yalikuwa na tope lililokauka upande wa mbele, hasa nyuma ya tairi. Je, inawezekana mambo haya yote yakawa chanzo kwa pamoja, au nitafute moja lililo kuu? Na bado sijagusa taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka.

Fundi Mkongwe:

Yanawezekana kwa pamoja, na kwa kweli ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Injini hii imeundwa ikiwa na akiba fulani ya usalama. Mpira uliopasuka umekula sehemu ya akiba kwa kuingiza hewa isiyopimwa na kabureta, plagi ya moto imekula sehemu nyingine, tope kwenye mapezi limekula iliyobaki, kisha abiria na mlima vikamaliza. Ukilazimika kuchagua cha kuanza nacho, anza na mpira, halafu plagi. Usiufunge mpira kwa utepe wala gundi, maana joto na petroli vitaubandua na utarudi ulipoanzia. Nunua mpya, na unapoufunga hakikisha bana zake zimekaza mzunguko mzima. Injini ikiwa imetulia, nyunyiza maji kidogo pembeni mwa kiungo hicho usikilize kama mngurumo utabadilika. Ukibadilika, bado kuna uvujaji. Kuna wanaonyunyiza dawa ya kusafishia kabureta badala ya maji, nami siipendi njia hiyo juu ya injini yenye moto kwa sababu dawa hiyo inawaka.

Kwa kuwa choki haikumaliza mlio wote, fungua pia bakuli la kabureta utazame jeti kuu, kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli. Soma namba iliyogongwa juu yake, kwa sababu katika kusafisha inawezekana ilirudishwa isiyo yake, kisha iinue kwenye mwanga uone kama tundu ni duara kamili. Usiichokoe kwa waya. Tumia hewa ya kupuliza.

Taimingi ipime hata kama unadhani haijaguswa. Kwenye injini nyingi za aina yako kuna kifuniko kidogo kwenye kava la magneti, na taa ya taimingi ikimulikwa hapo injini ikiwa imetulia, alama ya F inapaswa kusimama kwenye alama ya kava. Ukiongeza mafuta, alama husogea hadi ifike kwenye mistari miwili ya mwisho, isiipite. Ikiwa cheche inakuja mapema mno hata injini ikiwa imetulia, tazama kii ya magneti (kipande kidogo kinachoishikilia mahali pake) kama imekatika kidogo na kuruhusu magneti kuhama, au kama kuna mtu aliyeweka CDI (kifaa cha umeme kinachotoa cheche) ya mashindano inayowahisha cheche. Dalili nyingine ya cheche kuwahi sana ni kiki kurudisha mguu kwa nguvu wakati wa kuwasha, na wewe hukuitaja.

Mwenye Mipigo Miwili:

Samahani kwa kuingilia. Yangu ni ya mipigo miwili na inagonga vilevile. Nimeambiwa niongeze oili kwenye petroli ili injini ipoe. Je, ni sahihi?

Msoma Plagi:

Hapana, ukizidisha unaweza kuharibu zaidi. Jeti hupitisha kiasi kilekile cha kimiminika, hivyo kila tone la oili linaloongezeka linachukua nafasi ya petroli na kufanya hewa izidi, na oili yenyewe inashusha oktani. Baki kwenye kipimo cha kitabu. Katika injini yako ningetazama kwanza sili za kranki, kwa kuwa sili ya upande wa magneti ikichoka huvuta hewa ya nje moja kwa moja ndani ya injini, kisha masizi kwenye mlango wa kutolea moshi.

Mpanda Milima:

Nimebadilisha mpira, nikaweka plagi ya namba 8 na kuyasafisha mapezi kwa brashi. Jeti kuu ni ile ya kitabu na tundu lake liko wazi, na taimingi imekaa kwenye alama. Kwa gia ya nne nikiwa peke yangu mlio umekwisha. Nikiwa na abiria, karibu na kilele, bado nasikia kidogo sana, kisha unapotea. Je, niifungue silinda hedi kutoa masizi?

Fundi Mkongwe:

Usiifungue bado. Masizi juu ya pistoni kweli hugongesha injini, kwa sababu hupunguza nafasi ya chumba cha mwako na hivyo kuongeza mgandamizo, tena huhifadhi joto. Lakini yanaweza kutambuliwa kutoka nje. Pima mgandamizo injini ikiwa na moto na mkono wa mafuta ukiwa umevutwa wote. Kipimo kikizidi kile cha juu kilichotajwa kitabuni, masizi ni mengi. Kikiwa cha chini sana, kuna jambo jingine, na ringi zilizovunjika kwa sababu ya kugonga huanza kushukiwa. Ukiweza kupata kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi, tazama kingo za pistoni: uso uliochimbikachimbika kama uliopulizwa mchanga ni alama ya milipuko, ilhali tabaka la masizi lililo sawasawa ni la kawaida.

Kipimo kikiwa ndani ya kiwango, malizia na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma uyalinganishe na ya kitabu, kwa maana watu wengi huweka ya mbele yenye jino moja zaidi ili kupata kasi, na matokeo yake injini hulemewa katika kila mlima hata kama kila kitu kingine ni kizima. Zikiwa ni za asili, basi kilichobaki ni mkono na mguu wako: ukiwa na abiria, ingiza gia ya tatu kabla ya injini kuanza kuvuta kwa shida, wala usisubiri mlio ukukumbushe. Kugonga kidogo kwa gia ya nne, na mzigo umejaa, karibu na kilele, hakutoshi kuwa sababu ya kung'oa silinda hedi iliyokuwa haivuji.